Wimbo Penye Kijaa: Kazi, Siri na Utunzi wa Wanawake wa Maharashtra

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapofikia nyimbo za kazi, aghalabu huzipitia upesi. Huambiwa kuwa hodiya ni wimbo uimbwao wakati wa kazi kwa nia ya kupunguza uchovu, kuchapuza utendaji na kuoanisha mikono ya watendaji. Huyaandika maneno hayo daftarini, hutaja mfano wa wavuvi wavutao jarife au wakulima waimbao wawe, kisha hukimbilia nyimbo za arusi na za jandoni ambako anaamini ndiko kwenye utamu. Ufafanuzi huo si wa uongo. Tatizo lake ni kwamba unaufanya wimbo kuwa kijakazi wa kazi, kana kwamba wimbo usingekuwapo lau mtama ungejisaga wenyewe. Makala hii inanuia kuligeuza swali. Je, haiwezekani kwamba zipo jamii ambamo kazi ndiyo iliyoutumikia wimbo, ikampa mwanamke saa, mahali na kelele ya kuifunika sauti yake?

Mfano tutakaouchunguza ni nyimbo za kijaa za wanawake wa vijijini katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Msomaji wa Kenya huenda akashangaa kwamba tumekwenda mbali hivyo. Mwanamke wa Kihindi tunayemjua wengi wetu ni yule aliyeketi nyuma ya kaunta katika duka la leso, na jamii za Kihindi zilizokita mizizi hapa kwetu ni za Wagujarati na Wapunjabi zaidi. Mwanamke Mmarathi wa kijijini, anayelima shamba la mawe na kusaga kabla ya jogoo kuwika, hatujapata kumsoma. Na hali yeye na wenzake wamewaachia watafiti mmojawapo wa mikusanyo mikubwa mno ya nyimbo za wanawake uliopata kufanywa popote duniani.

Kijaa na Saa Yake

Wamarathi hukiita *jate*. Ni mawe mawili ya mviringo yaliyolaliana, yale ambayo Waswahili wa pwani walizoea kuyaita kijaa. Jiwe la chini hukaa imara sakafuni. La juu lina tundu katikati, na karibu na ukingo wake husimamishwa kijiti cha mti. Msagaji huketi chini, hushika kijiti kwa mkono mmoja akalizungusha jiwe, na kwa mkono wa pili hutia nafaka tunduni, konzi baada ya konzi. Unga hutoka pembezoni ukajikusanya kuyazunguka mawe. Wakiwa wanawake wawili huketi wakikabiliana, wakakishika kijiti kimoja kwa pamoja. Kinachosagwa hutegemea mahali: katika nyanda kavu za ndani ni mtama na uwele; kwenye milima ya magharibi ni wimbi na mchele. Unga huo ndio upikwao *bhakri*, mkate wa bapa ambao mkulima hula kwa pilipili na kitunguu.

Kazi hii ilikuwa ya wanawake peke yao, na ilifanywa kungali giza. Kulikuwa na sababu iliyo wazi: kukipambazuka, mwanamke alikuwa na maji ya kuteka, samadi ya kuzoa, moto wa kuwasha, watoto, mifugo, kisha shamba. Unga wa familia nzima haukuwa na nafasi nyingine katika siku isipokuwa ile iliyoibwa kutoka kwa usingizi. Lakini saa hiyo ya dhiki ilikuwa na faida yake. Wanaume wamelala. Mavyaa, ikiwa siye aliyeketi upande wa pili wa jiwe, amelala pia au anajifanya kalala. Jiwe linanguruma, na mngurumo huo huyameza maneno yasivuke kizingiti. Katika siku nzima ya mkaza mwana, pengine hapakuwa na kipindi kingine ambacho angeweza kusema asilokatazwa na mtu.

Ndiyo maana nyimbo zenyewe hukizungumzia kijaa kana kwamba kina masikio. Katika nyingi, jiwe huitwa kama mungu au mtawa ambaye msagaji anamfungulia moyo. Mhakiki anaweza kusema hiyo ni tashihisi tu. Sisi tunaiona kuwa zaidi ya tamathali: ni maelezo sahihi ya hali ilivyokuwa. Katika nyumba aliyoolewa, jiwe ndilo lililomsikiliza.

Umbo la Ovi

Wimbo wa kijaa huitwa *ovi*. Katika umbo lake la kijijini ni ubeti wa mishororo miwili, ambao kwa istilahi zetu tungeuita tathnia, wenye vina vya mwisho vinavyopatana. Karatasini huonekana mfupi mno. Katika uimbaji hurefuka: mwimbaji hukata mshororo vipande, hurudia kipande, huingiza mwito wa *bai*, yaani ewe mwanamke mwenzangu, na mwenziwe hudaka mwisho na kuurudisha. Tathnia moja yaweza kudumu hadi konzi kadha za nafaka ziishe. Kila tathnia hujitegemea, na msagaji huziunga moja baada ya nyingine kwa mpangilio anaoutaka asubuhi hiyo. Ipo desturi ya kuzihesabu: ovi ya kwanza hutunukiwa mungu fulani, ya pili wazazi, ya tatu kaka, na kuendelea. Kwa sababu ya kujitegemea huko, ubeti mmoja huweza kung'oka ukasafiri na bibi arusi hadi kijiji cha mbali, ukabadilishwa jina la mto au la kaka, ukawa wa huko.

Historia ya umbo hili yafaa kuwazindua wale wanaoamini kwamba fasihi huanza siku inapoandikwa. Dnyaneshwar, mtawa na mshairi, alitunga ufafanuzi wake mashuhuri wa Bhagavad Gita kwa Kimarathi mwaka 1290, na akautunga kwa ovi, ingawa ovi yake ina vipande vinne, vitatu vya kwanza vikiwa na vina na cha nne kikiwa kifupi. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya fasihi andishi ya Kimarathi. Hata hivyo, *Manasollasa*, kitabu cha Kisanskrit kilichotungwa katika karne ya 12 chini ya jina la Mfalme Someshvara wa Tatu, tayari kinazitaja ovi kuwa nyimbo ziimbwazo na wanawake wa Maharashtra wakati wa kutwanga. Kwa hiyo bahari iliyompa Dnyaneshwar sifa ilikuwa midomoni mwa watwangaji zaidi ya karne moja kabla yake. Sisi nasi tunapotaja Utendi wa Tambuka wa 1728 tukasema hapo ndipo utenzi ulipoanza, hatujui wangapi walikuwa wameimba kabla ya kalamu kupata karatasi.

Mwanamke mmoja wa zamani alivuka mpaka huo kati ya jikoni na kitabu. Janabai, aliyeishi kati ya karne za 13 na 14, alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtawa mshairi Namdev mjini Pandharpur. Mashairi yake ya ibada yamejaa kazi za nyumbani: kufagia, kuteka maji, kusaga. Masimulizi ya Wamarathi yanaeleza kwamba mungu Vitthal mwenyewe alishuka akakishika kijiti cha kijaa amsaidie, naye Janabai akaimba. Wasagaji wa karne ya 20 walimtaja daima katika nyimbo zao, na si vigumu kuona sababu. Hapakuwa na mwanamume mwingine aliyesemekana kukishika kijiti hicho.

Yasemwayo Penye Jiwe

Ili kuyaelewa maudhui ya ovi, sharti kwanza kuuelewa mpango wa ndoa. Katika vijiji vya Maharashtra msichana huolewa akahamia kijiji cha mumewe. Sheria ya kikoloni ya 1929 iliweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kumwoza msichana, na ikapandishwa hadi 18 mwaka 1978. Lakini wengi wa wanawake waliorekodiwa wakiwa wazee walikuwa wameozwa wangali watoto. Lugha ya Kimarathi ina maneno mawili yanayougawa ulimwengu wa mwanamke nusu mbili: *maher*, nyumba ya wazazi, na *sasar*, nyumba ya wakwe. Takribani kila ovi imesimama katika moja ikitazama nyingine.

Kaka ana nafasi pana kuliko mume. Mgeni kwenye nyimbo hizi atatarajia mahaba, naye atakuta kaka akija kwa gari la ng'ombe, vumbi la gari lake likionwa kutoka mbali, mapambo ya ng'ombe wake yakisifiwa, zawadi ya kitambaa ikitajwa bei na rangi. Hili halitokani na upendo wa ndugu peke yake. Wakati wa Diwali ipo siku ya Bhaubeej, ambapo kaka humtembelea dada yake au humchukua arudi nyumbani kwa siku chache, na kaka ndiye mlango pekee wa kurudia *maher* wazazi wakiisha kufa. Akisahau, mlango umefungwa. Zipo nyimbo zinazomlaumu mke wa kaka, yule wifi aliyeingia katika nyumba ambayo dada ametolewa, kwamba ndiye aliyemfundisha kaka kusahau. Na huyo wifi, nyumbani kwake, anasaga na kuimba juu ya wifi yake mwenyewe.

Mavyaa hasazwi. Analaumiwa kwa uchoyo wa chakula, kwa maneno makali, kwa kuhesabu mikate. Lakini hapa pana jambo ambalo usomaji wa haraka hulipita: mavyaa wa leso anayelaumiwa ndiye mkaza mwana wa jana, na nyimbo alizozisikia mkaza mwana wa leo huenda alizifunzwa na mavyaa huyo huyo, wakiwa wamekishika kijiti kimoja. Lawama hupokezwa pamoja na nafasi ya kulaumiwa.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu. Utenzi wake wa 1858 ni wosia wa mama kwa binti juu ya namna ya kukaa na mume na watu. Ni sauti ya mama anayejua kwamba anaelekea kufa na anayemtengenezea mwanawe njia salama katika dunia asiyoweza kuibadilisha. Ovi ni upande wa pili wa mazungumzo hayo: ni binti, amekwisha kufika, anasimulia alichokikuta. Sehemu kubwa ya mjadala wetu kuhusu Mwana Kupona, ama kwamba alikuwa mtetezi wa taasubi ya kiume ama mjanja aliyeicheza, imetukwamisha kwa kuwa tunao wosia, bali majibu ya binti hatunayo. Wamarathi wanayo majibu kwa maelfu.

Sita ndiye mhusika wa kitabu anayetajwa zaidi kwa uchungu. Katika masimulizi makuu ya Ramayana anasifiwa kama mke mwaminifu. Kijaani anakumbukwa kama mke aliyefukuzwa akiwa mjamzito, akajifungua msituni bila mama wala mkunga. Msagaji hambishii Rama kwa hoja. Anachofanya ni kuuliza nani alimwandalia Sita kitanda, nani alimfunga kitambaa, ni mti gani uliokuwa jirani yake. Maswali ya mwanamke anayejua uzazi ni nini yanatosha kuigeuza sifa ya mfalme kuwa mashtaka.

Kisha ipo Maharashtra ya Wadalit. Kwa wanawake wa tabaka la Mahar, waliokatazwa hata kuteka maji katika visima vya wenzao, jiwe lilipata mungu mwingine. Bhimrao Ambedkar, mwanasheria wa tabaka lao, aliongoza umati kunywa maji ya bwawa la umma la mji wa Mahad mwaka 1927, akasimamia kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na mnamo Oktoba 1956 akaingia dini ya Buddha mjini Nagpur pamoja na laki za wafuasi wake, wiki chache kabla ya kufariki. Wasagaji walimtungia ovi. Wanamwimba kama kaka na mwana, wanamwimba mkewe wa kwanza Ramabai, wanaisifu kalamu yake na gari lake. Baadhi ya nyimbo hizi zilirekodiwa mwaka 1996 katika kitongoji cha Bhim Nagar mjini Majalgaon, wilaya ya Beed. Umbo halikubadilika hata kidogo. Pale palipokuwa na gari la ng'ombe la kaka pamesimama motokaa ya Babasaheb, na vumbi lake linaonwa kutoka mbali vilevile.

Nani Mwenye Wimbo?

Nyimbo hizi zilikusanywa na Guy Poitevin, mtaalamu wa sayansi za jamii mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia India, na Hema Rairkar, mwenzake wa Pune. Hawakuanza kama wakusanyaji wa fasihi. Walikuwa wakifanya kazi na wakulima maskini wa milima ya wilaya ya Pune, na waligundua kwamba mwanamke anyamazaye mkutanini akiulizwa maoni yake huweza kuyaimba bila kusita akiombwa ovi. Kuanzia miaka ya 1980 wao na wasaidizi wa vijijini walinukuu nyimbo zaidi ya 100,000 kutoka kwa wanawake zaidi ya 3,000 katika vijiji zaidi ya 1,000. Katika miaka ya 1990 Bernard Bel, mtaalamu wa muziki na kompyuta, alijiunga nao na sauti zikaanza kurekodiwa. Katika baadhi ya rekodi kijaa chenyewe kinasikika kikizunguka nyuma ya maneno. Poitevin alifariki mwaka 2004. Tangu 2017 mkusanyo huo umekuwa ukitolewa kidogo kidogo kwenye intaneti na PARI, hifadhi ya habari za vijijini iliyoasisiwa na mwandishi P. Sainath.

Jambo moja katika utaratibu wao linastahili kuigwa na mtafiti yeyote wa fasihi simulizi. Walinukuu jina la kila mwimbaji na kijiji chake. Sisi tumezoea kuandika chini ya wimbo maneno kama "wimbo wa Wataita" au "wimbo wa kutwanga, Kilifi", kisha tukaendelea na uchambuzi. Tunadhani tunaiheshimu jamii kwa kusema kwamba fasihi simulizi ni mali ya wote. Lakini aliyeimba mbele ya kinasa sauti chetu alikuwa mtu mmoja. Alichagua beti hizi akaziacha zile. Pengine mbili kati yazo alizitunga mwenyewe alfajiri fulani baada ya ugomvi tusioujua. Nadharia ya mali ya wote inafaa sana kumnyang'anya mwanamke asiyejua kuandika kitu pekee alichokitunga.

Bahinabai Chaudhari alinusurika chupuchupu. Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Asode karibu na Jalgaon, akaolewa mtoto, akafiwa na mume akiwa na umri wa miaka 30 hivi, akalima. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitunga kwa ovi akiwa shambani na kijaani, kwa lahaja ya eneo lake la Khandesh, na mwanawe Sopandev, aliyekuja kuwa mshairi, ndiye aliyenukuu baadhi ya tungo hizo pamoja na jamaa mwingine. Alifariki Desemba 1951. Sopandev alimwonyesha daftari mwandishi mashuhuri P. K. Atre, naye Atre akaona mara moja alichokishika mkononi. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Leo mashairi yake husomeshwa shuleni, na chuo kikuu cha Jalgaon kilipewa jina lake mwaka 2018. Kila kitu hapa kilitegemea kwamba mwana wa mkulima huyu alikuwa mshairi. Majirani wake waliosaga naye hawakuwa na mwana wa namna hiyo.

Wimbo Ulionyimwa Masikio

Kusini mwa Maharashtra, kwa wazungumzaji wa Kikannada, kuna ngano ambayo msomi A. K. Ramanujan (1929–1993) aliichapisha na kuitafsiri mara kadha. Mwanamke mmoja alijua hadithi moja na wimbo mmoja, wala hakupata kumwambia mtu. Hadithi na wimbo vikabanwa ndani yake hadi vikachoka. Siku moja alipolala kinywa wazi, hadithi ikachupa nje ikageuka jozi ya viatu mlangoni, na wimbo ukageuka koti la kiume ukutani. Mume akarudi, akaona viatu, akaona koti. Ni vya nani? Mke hakujua. Ugomvi ukazuka, mume akachukua blanketi akaenda kulala hekaluni mwa Hanuman. Usiku, miali ya taa za mjini, ambayo ikizimwa majumbani hukutana hekaluni kupiga soga, ikakusanyika. Mwali mmoja ulichelewa, ukaulizwa sababu, ukasimulia kisa chote cha viatu na koti. Mume akasikia. Kulipokucha akarudi kumwuliza mkewe juu ya hadithi yake na wimbo wake. Mke akashangaa: hadithi gani, wimbo gani?

Ngano hii ni nadharia ya fasihi iliyovaa nguo za nyumbani. Ramanujan alisisitiza kwamba hadithi zina haja ya kusimuliwa, na zisiposimuliwa hulipiza kisasi. Sisi tunapenda kutazama vitu ambavyo kisasi hicho kilivichagua: viatu na koti, vitu vya mwanamume mgeni. Ndoto ya siri ya mwanamke, ikionekana mchana, husomwa na mume kama uzinzi. Hakuna tafsiri nyingine inayomjia. Na malipo ya mwisho ni mazito kuliko ugomvi, kwa maana suluhu imepatikana lakini wimbo haupo tena, na aliyekuwa nao hakumbuki kwamba alikuwa nao.

Wapo wahakiki wanaosema nyimbo za malalamiko hazina tija: mwanamke hupumua kijaani, hasira ikaisha, akaenda kupika kama kawaida, na mpango wa nyumba ukabaki pale pale. Hoja hii haipuuziki. Hata hivyo, inapima wimbo kwa kipimo cha maandamano. Gloria Raheja na Ann Gold, waliochunguza nyimbo na masimulizi ya wanawake wa kaskazini mwa India katika kazi waliyoichapisha 1994, walionyesha kwamba wanawake hao hawakuuamini mpango uliowabana, ingawa walitenda kana kwamba wanauamini. Ovi hutoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Na milimani Pune, ambako Poitevin na Rairkar walianzia, wimbo ndio uliofungua mjadala mkutanini. Waliokuwa wakipumua kwa faragha walisikia kwamba jirani naye anapumua maneno yale yale.

Waswahili wana leso. Mwanamke asiyeweza kumtamkia wifi neno hujifunga leso yenye jina linalosema kwa niaba yake, na leso nyingi ziuzwazo Mombasa huchapishwa India. Tofauti ni kwamba leso hutaka kusomwa na mlengwa, na ovi ilitaka asisikie.

Ukuta Uliogeuka Karatasi

Kwa kulinganisha, tutazame kwa ufupi sanaa nyingine ya nyumbani. Katika eneo la Mithila, jimbo la Bihar, wanawake walichora kuta za ndani za nyumba, hasa *kohbar ghar*, chumba cha bibi na bwana arusi: yungiyungi, mianzi, samaki, kasuku. Hazikuchorwa zidumu, zilififia, zikapakwa udongo, zikachorwa nyingine arusi nyingine. Tetemeko la Januari 1934 lilizibomoa kuta, na afisa wa kikoloni W. G. Archer, aliyekuwa akikagua maafa, akaona ndani yake picha ambazo mgeni wa kiume asingeziona kamwe. Alizichapisha mwaka 1949. Ukame wa 1966 na 1967 ulipoikumba Bihar, Pupul Jayakar wa bodi ya serikali ya kazi za mikono alimtuma msanii Bhaskar Kulkarni awagawie wanawake karatasi, wachore, wauze, wale.

Walichora. Jagdamba Devi na Sita Devi walipata tuzo za taifa. Ganga Devi (1928–1991) alifika Marekani akachora aliyoyaona huko, na alipougua saratani akachora hospitali, madaktari na mwili wake mwenyewe kwa mistari ile ile ya yungiyungi. Wanawake wa tabaka la Dusadh, ambao hawakuwa na desturi ya *kohbar* ya Wabramini, walibuni mtindo wao kutokana na chale za mwilini. Dulari Devi, wa jamii ya wavuvi, alikuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba za wachoraji kabla ya kujifunza brashi. Mwaka 2021 alitunukiwa nishani ya Padma Shri. Karatasi iliwapa wanawake hawa fedha na, jambo ambalo ukuta haukuwahi kuwapa, sahihi zao. *Kohbar* aliyoichora Ganga Devi katika jumba la makumbusho mjini Delhi ilibomolewa katika ukarabati wa miaka ya 2010, na wapenzi wa sanaa walilia kwa kitu ambacho kijijini kwake kingepakwa udongo bila neno.

Ovi haikupata karatasi yake ya kuuzwa. Haina soko, kwa kuwa bila jiwe ni tathnia fupi tu, na bila Kimarathi si kitu.

Mashine

Kilichoinyamazisha ovi ni neema. Mashine za kusaga za dizeli na za umeme zilienea vijijini katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwanamke alipeleka kapu la mtama, akalipa, akarudi na unga. Alipata saa mbili za usingizi ambazo mama yake hakuzipata maishani, na mabega yasiyouma. Mtafiti anayehuzunika kwamba kijaa kimekufa aulizwe kwanza kama yuko tayari kukizungusha. Wengi waliorekodiwa na timu ya Pune walikuwa wamekwisha acha kusaga. Walikumbuka walipoketi tena na kushika kijiti, mkono ukatangulia na maneno yakafuata. Wakwe wao waliozaliwa baada ya mashine walisikiliza tu.

Hapo ndipo ufafanuzi wetu wa hodiya unapopwaya. Lau wimbo ungekuwa wa kupunguza uchovu, basi uchovu ulipoondoka wimbo usingekuwa na wa kuudai. Waliusikitikia. Kilichopotea kwao ni saa ile, na mwenzi wa upande wa pili wa jiwe.

Kijaa hakijatupwa kabisa. Katika nyumba nyingi kimeegemezwa ukutani au kimewekwa uani, na kwenye arusi hutolewa, hupambwa, na wanawake wa ukoo huketi kusaga mizizi ya manjano atakayopakwa bibi arusi. Siku hiyo huimbwa ovi chache, za baraka, za kuwaalika miungu, za kumsifu kaka. Zile za mavyaa haziimbwi. Mavyaa mwenyewe yupo, ameshika kijiti.